Ufunguo wa Stoo

Tuko tisini na wawili, ukimhesabu mtoto wa Nenita
aliyezaliwa Jumanne, kabla gari la kuzoa theluji halijafika mtaani.
Mji una machinjio ya nguruwe, benki moja,
na upepo wa Manitoba usiojua kupiga hodi.
Watu tisini na wawili. Vyama viwili.

Chanzo ni mashine ya karaoke.
Usicheke.
Tuliichangia dola kumi kumi, mshahara wa kwanza,
vidole vimekakamaa kwa kushika kisu kutwa,
tukitaka kitu kimoja mjini humu kitoe sauti kama yetu.
Crisanto, mtu wa Ilokosi, akasema ikae kwa mwenyekiti.
Mwenyekiti alikuwa yeye.
Dalisay, mtu wa Sebu, akauliza: hicho kiti ulikalishwa na nani?
Mkutano ukavunjika tambi zingali zinafuka moshi.

Kufika Pasaka tulikuwa na katiba mbili,
mihuri miwili, malkia wawili wa Mei,
na waweka hazina wawili wasioamkiana,
ilhali wanasimama bega kwa bega kwenye mkanda wa nyama,
huyu akikata paja, yule akikata mbavu.

Upatu peke yake haukugawanyika.
Pesa inayokwenda kuezeka paa la mama
haiulizwi imetoka kisiwa gani.

Mimi sikutaka upande,
ndiyo maana nikapewa ufunguo.

Stoo iko nyuma ya ukumbi wa Waukraine.
Bibi Halyna anayetukodisha hututazama
kama mtu aliyekwisha kuiona filamu.
"Sisi tulikuwa na vyama vitatu," aliniambia,
"leo tumebaki watu kumi na mmoja,
na vyama bado vitatu."
Akanipa mtungi wa bitiruti za siki.

Januari, nyuzi arobaini chini ya sifuri,
umeme ukakatika saa mbili usiku.
Ukumbini kuna jiko la kuni la zamani za babu zao.
Wakaja.
Kwanza wenye watoto, halafu wenye aibu,
mwisho kabisa viongozi.
Wa Crisanto wakaketi upande wa dirisha,
wa Dalisay upande wa makoti,
katikati sakafu tupu, pana kama mto usio na daraja.
Mmoja alileta mchele. Mwingine alikuwa na samaki mkavu,
yule ambaye ukimkaanga nyumbani majirani huita zimamoto.
Tukamkaanga. Hakuna aliyeita mtu.
Mtoto wa Nenita akawa anapitishwa,
mapaja kwa mapaja, penye joto zaidi,
akavuka sakafu ile mara saba
amelala.

Usiku wa manane Crisanto akaninong'oneza:
"Ufunguo unao?"
Umeme hakuna, nikamwambia.
"Najua. Nataka kuiona tu."
Dalisay alikuwa nyuma yetu na tochi; sikumsikia akija.
Mashine ilikuwa chini ya shuka ya maua,
barafu nyembamba imeota kwenye kipaza sauti.
Crisanto akaipangusa kwa mkono wa sweta.
Dalisay akasogeza tochi ili aone vizuri.
Tukasimama hapo, watu wazima watatu,
pumzi zetu nyeupe zikipanda,
hata mmoja asipate la kusema.

Alfajiri taa zikarudi na kila mtu akaenda kazini.

Usidhani wamepatana.
Jumatatu waweka hazina walipitana kama nguzo,
ingawa niliona kwa macho yangu
huyu akinoa kisu chake, kisha, bila kugeuza uso,
akachukua cha mwenzake akakinoa pia.

Sasa nasikia kinaundwa chama cha tatu,
cha kupatanisha hivi viwili.
Wanataka niwe mwenyekiti.
Nilipomweleza Bibi Halyna alicheka mpaka akaketi,
akajifuta machozi, akaniuliza
kama bitiruti zimekwisha.