Ukurasa wa Thelathini na Moja

Ripoti ilikuja na posta ya Jumanne,
kurasa themanini na nne, jalada la kijani.
Meneja akaigawa kama anavyogawa glovu:
chukua, tia saini hapa, nenda.
Nikaitupia chini ya kiti cha gari,
pamoja na mwavuli uliovunjika na maganda ya machungwa.

Mvua ya Bethesda haina haraka.
Kati ya nyumba ya Bi Gwenllian na nyumba ya Idwal
nina dakika kumi na mbili ambazo halipi mtu.
Nikala mkate. Nikasoma.

"Katika makao sitini na moja," ilisema,
"matukio ya kuanguka usiku yalipungua pale ambapo..."
sentensi ndefu kama foleni ya kungojea dawa.
Nikaruka majedwali. Nikaruka herufi za Kigiriki.
Ukurasa wa thelathini na moja, chini kabisa,
kwa maandishi ya sisimizi,
kama mtu aonaye haya kusema:
kabla ya kufunga mlango, muulize anakwenda wapi.

Idwal ana miaka themanini na tisa.
Huamka saa kumi alfajiri, kila siku iendayo kwa Mungu.
Mara tatu mwezi ule tulimkuta sakafuni,
paja limeiva rangi ya zambarau.
Nasi tulikuwa na tiba yetu: mkeka wenye king'ora,
komeo juu ya mlango,
na viatu vyake tulivificha kabatini, nyuma ya ndoo.
Faili ilisema: hutangatanga.
Mwandiko ni wangu.

Usiku wa zamu yangu nikakaa ukingoni mwa kitanda.
Unakwenda wapi, Idwal?
Akanitazama kama aliyeulizwa mvua inalowesha nini.
"Machimboni. Basi la kwanza halimngoji mtu.
Viatu vyangu mmeviweka wapi?"

Miaka arobaini na miwili alipasua mawe ya kuezekea.
Mguu mmoja una soksi, mwingine mtupu,
mbao zimepigwa nta, giza totoro,
anapapasa chini ya kitanda, chini ya kiti, chini ya dirisha,
anatafuta tulichokificha
ili asianguke.

Nikavitoa. Nikavipiga rangi.
Nikaviweka pale nyayo zake zinapogusa chini.
Sasa saa kumi huketi, hufunga kamba
(vidole vinakumbuka kuliko kichwa),
nampa chai, tunalingoja basi,
na kabla kikombe hakijaisha
basi limeshasahauliwa.
Wiki tisa. Ameteleza mara moja tu,
na maji yale niliyamwaga mimi.

Mwezi wa tatu akaja mtafiti kutoka Bangor,
Heledd Penri, koti limelowa, kalamu tatu kifuani.
Mliitumiaje ripoti?
Nikamwambia: viatu.
Akaandika, akakata, akaandika tena.
"Mtu mmoja," akasema, wala si kwa dharau,
"sijui nimtie safu ipi."
Nilitaka kumjibu neno la hekima.
Sikuwa nalo. Nikaenda kutafuta sukari.

Niliporudi, Idwal alikuwa amemshikisha kipande cha jiwe,
jeusi lenye samawati, kubwa kama ukurasa.
"Jiwe lina njia yake," alikuwa akimwambia.
"Patasi ukiitia hapa, linafunguka lenyewe, polepole.
Ukiitia hapa, kwa nguvu hizo hizo, unapata kifusi."
Heledd akaligeuza. Akapitisha kidole ukingoni.
Akauliza, kwa sauti ya mwanafunzi:
unajuaje njia iko wapi?
"Unaliangalia," Idwal akasema. "Halafu unaliangalia."
Hakuwa akisema habari zetu.
Alikuwa akisema habari za jiwe.

Chai ikapoa. Heledd akasahau kalamu moja mezani.
Nikaichukua, nikafungua faili,
nikapiga mstari juu ya hutangatanga,
nikaandika pembeni: huenda kazini.
Nikatia tarehe.
Nikatia saini.