Nusu Saa Ghalani

Saa saba mchana king'ora kinalia, Mbale inakula,
na sisi tunatandika magunia matupu sakafuni,
maandishi juu, yale ya kilo sitini,
ili kila mtu alale akijua kwamba uzito wake si huo.

Mimi si mwalimu wa cheti. Ni fundi cherehani.
Miaka tisa niliukunja mgongo juu ya pedali
dukani kwa Mama Hansa, Barabara ya Kumi,
mpaka kiuno kikagoma kama punda.
Ndiye aliyenishika mkono, akanipeleka nyuma ya majora,
akaniambia: kabla ya kidonge, hebu pumua.
Nikacheka. Nani asiyejua kupumua?
Kumbe hewa nilikuwa naidokoa kidogokidogo,
kama mtu anayeogopa kutozwa.

Sasa ninao wachambuzi kumi na wanne.
Kutwa vidole vyao vinatenga buni mbovu na nzima,
shingo zimeinama, macho mezani,
punje moja, punje nyingine,
hadi jioni dunia yote ni punje.
Nawaambia: inueni mikono.
Vumbi la maganda linamwagika kutoka kwenye vilemba.
Nambozo anasema bega lake linalia kama mlango wa kanisa.
Taratibu, mama.
Mlango uliofungwa miaka haufunguliwi kwa teke.

Majina ya mikao tuliyabadili wenyewe.
Ule wa mbwa waliukataa katakata:
"Tuinue makalio hivi, halafu utuite mbwa?"
Tukauita paa la nyumba.
Ule wa mti waliupenda, wakauliza tu: mti gani?
Khainza akasema mgomba,
maana husimama na mkungu unaouinamisha,
na ukianguka, pembeni yupo mtoto.
Basi tunasimama mguu mmoja, migomba kumi na minne,
tunayumba, tunashikana, tunacheka,
na msimamizi Wamono anachungulia dirishani
akijishika kiuno asichotaka kukitaja.

Mwisho wa somo ndio ulionishinda.
Mama Hansa aliuita mkao wa maiti.
Siku ile sikutumia akili; nikautaja vivyo hivyo.
Wakalala chali wote, ila Mutonyi.
Alibaki ameketi, mgongo ukutani, macho wazi,
viganja vimebana gunia kama linataka kuondoka.

Nabifo alininong'oneza baadaye, bombani:
kwao, mlima uliwakuta wamelala.
Mvua ya usiku mmoja. Asubuhi, udongo mwekundu,
na juu yake kuku mmoja akitembea.

Nikafikiri nimwombe radhi.
Nikafikiri niufute mkao wenyewe.
Usiku nilishona, nikafumua, nikashona palepale.
Alhamisi alikuja mapema, akatandika gunia lake mlangoni,
mahali pa kuuona Wanale wote na mawingu yake.
"Laleni," akasema. "Mimi nitauangalia."

Tangu siku hiyo mkao hauna jina.
Tunalala tu. Matumbo yanapanda, yanashuka,
bati linalia kwa jua,
mtu mmoja hukoroma, na sote tunajua ni nani.
Mutonyi anatuhesabia pumzi kwa Kigisu, sauti ya chini,
na hesabu yake imekuwa ndefu kuliko yangu,
na mabega yake (nayaona kwa jicho moja,
mwalimu naye huiba)
yameshuka kidogo kutoka masikioni.

Hajalala bado. Sijamwomba.

Saa saba na nusu king'ora tena.
Tunainuka kwa ubavu, kama nilivyofundishwa,
tunakung'uta magunia,
Nambozo anauliza kama leo mshahara unatoka,
hakuna anayejua,
na vidole vinarudi mezani:
mbovu, nzima, mbovu.
Ila mlangoni gunia moja limesahauliwa, limetandikwa bado,
na katikati yake pamebonyea
mtu alipoketi akiukazia mlima macho
ili sisi tuyafumbe.