Daftari la Stendi

Kabla jengo halijafunguliwa, daftari lilikuwa likijaa.
Gari la kwanza, saa kumi na moja na nusu, Adriko,
abiria kumi na wanne, majogoo wawili miguuni.
La pili, saa kumi na mbili kasoro, Ondoma, taa moja haiwaki.
Niliandika hata mvua.
Karani wa stendi ya Kuluva kazi yake ni kujua nani kaondoka,
na hilo hulijui mpaka umjue aliyebaki.

Leo Jumamosi, saa sita mchana, ukurasa mweupe.
Upepo unaufunua, unausoma, unaurudisha.
Magari yote yako kule kwenye vioo,
palipokuwa na matanuri ya matofali ya kina Drani,
yamepanga mstari toka kwenye mzunguko hadi kanisani.

Watu wametoka Koboko, wametoka Yumbe,
wengine Ariwara, ng'ambo ya mpaka,
kuja kupanda ngazi zinazojipandia zenyewe.
Mwanamke mmoja, wanasema, alivua viatu kwanza,
kama anaingia nyumba ya watu.
Akafika juu, akacheka, akashuka kwa ngazi za kawaida
na mkate mmoja.
Na mkate huo unataka kiti cha kurudi nao Koboko.

Simlaumu Adriko.
"Kule, mzee, injini haijapoa gari limejaa.
Hapa kwako nitaota uyoga."
Mwenye gari anataka elfu sabini kila jioni,
hataki hadithi za stendi ya zamani.

Waliochora jengo walikuja na kamba na vigingi.
Nilikuwapo. Walipima nafasi mia mbili na kumi
za magari ya watu wanaokuja na magari yao.
Walichora mitende.
Aliye na gunia kichwani na mtoto mgongoni
asimame wapi? Hapo kalamu iliishiwa wino.
Tuliwaandikia wakubwa wa jiji, jibu likaja na muhuri:
barua yenu imepokelewa.
Nimeibandika ukutani. Imepokelewa mpaka imegeuka njano.

Ezaruku, mkunga, zamu yake ni saa nane.
Amesimama mbele yangu, viatu vyeupe ndani ya kavera
visije vikala vumbi kabla ya wodi.
Bodaboda anataka elfu sita; mwezi uliopita ilikuwa tatu.
Nauli nayo ilipanda zile ngazi, ikasahau kushuka.
"Mtoto hasubiri gari lijae," anasema. Hasemi na mimi,
anasema na barabara.
Kisha anakaza kitenge, anaanza kutembea,
huenda gari likamkuta mbele.

Ningelichukia lile jengo kwa moyo mmoja
ingekuwa rahisi.
Lakini miwani hii ninayosomea ukurasa mtupu
ilinunuliwa na binti yangu Candiru,
keshia wa mashine ya nne, sare ya kijani, jina kifuani.
Anafunga saa tatu usiku.
Saa tatu usiku, yale magari yaliyoikaba barabara mchana
huoni hata moshi wake.
Kila usiku nachukua tochi, nashuka hadi daraja dogo,
nazijua hatua zake kabla ya uso.
Hatusemi mengi. Ananisimulia nani kaogopa ngazi leo,
nani kahesabu sarafu mara tatu akarudisha sukari.

Basi nimebadili safu za daftari.
Nimekata "dereva", nimekata "namba ya gari".
Naandika waliobaki.

Ezaruku, saa sita na nusu, kwa miguu, viatu mkononi.
Mzee asiyetaja jina, debe la asali, karudi nyumbani.
Wanafunzi watatu juu ya boda moja, Mungu awaone.
Candiru, saa nne kasoro robo, kwa miguu.
Kafika.