Nasaba ya Maji

Pwani kwetu jina lako halitoshi.
Utaulizwa: u mwana wa nani?
Umtaje baba, umtaje babu,
na babu akikwama kooni, wenyeji hutazamana.

Maji nami nimeyauliza lilo hilo.

Siku ya bamvua, yamekupwa hata tope linapumua,
nimeshuka Mikindani na chupa tisa,
glavu, kalamu ya wino usiofutika,
na sanduku la barafu lililokuwa la aiskrimu.
Mbodze alikuwa mikokoni, akibandua chaza kwa kisu butu.
Hakuinua uso. "Andika tu," alisema,
"ni ng'ombe wa Dzombo. Kila mtu ajua."
Kitindamimba wake amelazwa mara mbili tangu masika.

Dzombo, ng'ombe wake sita kwenye kamba za nailoni,
akaniambia ni mabanda ya ng'ambo, yale yasiyo na vyoo.
Ng'ambo wakasema kuku.
Mwenye kuku akacheka, akaonyesha kunguru juu ya waya.
Kunguru hakuwa na wa kumsingizia.

Maabara haina masikio.
Maji hupita kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu;
kilichonasa huvunjwavunjwa,
kisha mashine hukichemsha, hukipoza, hukichemsha, hukipoza,
mara arobaini, kama mganga aitaye jina moja
mpaka mwenyewe aitike.
Kuna vijidudu vya tumbo la ng'ombe tu.
Kuna vya kuku. Kuna na vyetu,
vilivyokula nasi pilau, vikafunga nasi,
vikatujua kuliko mama zetu.

Husemwa mavi ya kale hayanuki.
Kweli, hayanuki. Lakini yana ukoo.

Jumanne majibu yakapanda kwenye skrini.
Ng'ombe: kidogo, penye kijia cha kunywea tu.
Kuku: hakuna.
Chupa ya tatu, chini ya mabanda:
binadamu, ndiyo, ila haba
kuliko matusi waliyotukanwa.
Chupa ya saba: binadamu, na mstari ukapaa mapema,
kama mgeni asiyebisha hodi.

Chupa ya saba niliijaza Tudor,
chini ya ukuta wa mawe wenye vigae vya buluu,
penye bomba la inchi sita
lililozibwa kwa gunia.
Nikarudi usiku, saa tisa. Gunia halipo.
Nikasikia pampu.

Naijua pampu ile.
Hukohoa mara mbili kabla ya kushika.
Huniamsha kila Alhamisi,
ghorofa ya tatu, mlango wa kijani.

Kikaoni nilikuwepo. Mwaka jana, sebuleni kwa Bi Rukiya,
sambusa, maji ya ukwaju,
gari la kunyonya shimo limepanda bei,
na Shee Mbwana, mweka hazina, akasema: tutafute njia.
Sikuuliza njia yaenda wapi.
Niliinua mkono pamoja na wenzangu,
kisha nikaongeza sukari.

Nyani haoni kundule.
Mimi langu nimelichora kwa rangi nyekundu,
nikalipa na namba.

Ripoti ina pengo la kujaza: "chanzo."
Nimeandika jina la jengo, namba ya kiwanja.
Nimefuta. Nimeandika "eneo la Tudor."
Nimemkumbuka Mbodze na kisu chake,
chaza alizonifungia kwenye gazeti, akakataa pesa,
nami, kwa nilijualo, sikuzila;
nilizitupa kwa adabu kwenye pipa la ofisi.
Yeye hana skrini. Zake alizipika.

Nimerudisha jina la jengo.
Chini yake, penye "mchunguzi," jina langu.
Atakayelinganisha anwani atajua.

Leo Alhamisi. Saa tisa kasoro dakika.
Pampu imekohoa mara moja.