Hilo Lilikuwa Ua

Nikiri mapema: barua ile niliiandika mimi.
Bila jina, kwa herufi za mashine,
nikaenda kuitia kwenye sanduku la posta la mtaa wa tatu
ili hata muhuri usinitaje.

Mtaa wetu hapa Winnipeg ni mtaa wa nyasi.
Jumamosi mashine zinanguruma, nyasi zinanyolewa kama kuruta,
nyasi tusizokalia, tusizolisha mnyama,
tunazozinywesha maji ya bili.
Halafu akaja Halyna Prokopchuk, mjane, nyumba nambari kumi na saba.
Mei, barafu ilipoiachia ardhi, akashika sepetu
akaukunja uwanja wake wa mbele kama mkeka.

Nilidhani anatafuta bomba lililopasuka.
Kumbe anapima kwa jicho, kama fundi wa nguo:
kabichi za zambarau ukingoni mwa njia,
nyuma yake shibiti, nyembamba, ukungu wa kijani,
kisha spinachi za mashina mekundu, ya manjano, ya waridi.
Jua la jioni likipita katikati yake
ungesema kanisa limezama ardhini
likabakiza vioo.
Na maharage yakapanda kamba hadi barazani,
maua yake mekundu mno
nyuki wakayahama mawaridi yangu.

Nadhani hilo ndilo lililoniuma. Nyuki.

Afisa wa jiji alikuja na utepe wa kupimia,
kijana, Desrochers kwenye beji.
"Mama, mboga za mbele ya nyumba zisizidi sentimita thelathini.
Maua, urefu wowote."
Halyna akayatazama maharage.
"Haya ni maua."
"Na hizi?"
Kabichi. "Maua."
"Na hili?"
Boga, limenenepa chini ya dirisha, halina pa kujificha.
Akafikiri kidogo.
"Hilo lilikuwa ua. Wiki iliyopita."
Kijana akaandika, akaandika,
nami nyuma ya pazia nikaona mabega yake yakicheka.

Oktoba baridi iliyaua mawaridi yangu kwa usiku mmoja.
Sukuma wiki zake, zile za majani ya kujikunja, zikabaki wima,
buluu, zambarau, zimevaa chumvi ya barafu.
Nilimsikia akimwambia mleta barua:
jani likiogopa kuganda hujitia sukari.
Hakuniambia mimi. Sisi hatukuwa tunasemeshana.

Tangu Doreen ahamie kwa dada yake
chakula changu ni mayai, na mkate, na mayai.
Theluji ya kwanza ilianguka jioni, ikaacha.
Saa sita usiku nilivaa koti juu ya nguo za kulalia.
Majani manne tu.
Niliyala mabichi, nimesimama kwenye sinki la jikoni,
taa imezimwa, kama mtu anayeficha chupa.
Matamu. Mungu wangu, matamu.

Wanasema za mwizi ni arobaini.
Zangu hazikufika mbili.
Asubuhi theluji ilikuwa imeandika kila kitu
kutoka mlangoni kwangu hadi bustanini kwake, na kurudi,
viatu nambari arobaini na tano,
kisigino cha kushoto kimelika.
Barua yangu ya pili,
na hii nimeitia sahihi.

Alitoka na ufagio. Akasoma.
Aliisoma hadi mwisho, akainua macho kwenye dirisha langu,
akarudi ndani bila kufagia.
Nikangoja hodi. Nikangoja polisi.
Mchana nikaona kitu kinaning'inia kwenye ua wa mbao, upande wangu:
mkasi, mpini mwekundu,
umefungwa kwa kamba ile ya maharage.

Sijamwambia habari za barua ya kwanza.
Nakata majani ya chini, kama nilivyomwona akikata,
ya juu nayaachia moyo wa mmea.
Gereji yangu ina sepetu sasa.
Bado ina karatasi ya bei.
Mei iko mbali, na ardhi ni chuma,
lakini jana nilitoka, nikasimama juu ya nyasi zangu zilizozikwa,
nikafumba jicho moja,
nikapima.