Beba Nane

Lilibaki debe moja la asali ghalani Sikonge,
wanachama themanini na mmoja, kila mmoja na jicho lake.
Gawa, Kashindye, wakasema, kalamu unayo wewe.
Kalukuleta ikatoa tarakimu chache, ikanyamaza.
Nikageuza stakabadhi, nikagawa kwa mkono:

sifuri nukta sifuri moja mbili tatu
nne tano sita saba
tisa.

Nikafuta. Nikarudia. Nikailaumu penseli.
Tisa tena. Kisha sifuri, kisha moja, foleni ileile
inazunguka kama nyuki mlangoni mwa mzinga,
na ukigawa hadi mvua za Novemba
nane haitokei.

Nkwabi wa mizani akachoka kungoja:
kikombe kwa kila mtu, kisijae sana, tufunge.
Wakaenda na vikombe vyao.
Mimi nikaenda na namba,
12 345 679,
milioni kumi na mbili na ushee, yenye jino lililong'oka.

Kwetu majina yenyewe ni hesabu.
Watano walitangulia, wakaja pacha, Kulwa na Doto;
anayefuata pacha ni Shija,
anayemfuata Shija ni Kashindye.
Mgeni akisikia jina langu huuliza, na Shija yuko wapi?
Mama huinua sufuria ambayo haijaiva.
Surua, niliambiwa mara moja, na shangazi, njiani.
Hakuota hata jino.

Usiku nikaizidisha namba kwa tisa, nafasi yangu.
Kalukuleta ina vyumba vinane tu;
ikaandika E, haikuwa na pa kumlaza wa tisa.
Basi penseli.
Tisa mara tisa, themanini na moja:
andika moja, beba nane.

Nikasimama hapo. Koroboi ikafuka.
Beba nane.
Kumbe yumo. Haandikwi, anabebwa,
tena ndiye wa kwanza kubebwa:
nane akamwegemea saba,
saba akamwegemea sita,
wakasukumana hivyo hadi mwanzo wa mstari
na jibu likatoka moja tupu, tisa kwa idadi,
111 111 111,
kama watoto waliopangwa kupigwa picha
wakatokea wote kimo kimoja.

Kitambulisho cha Mama kinasema sabini na mbili.
Yeye hucheka: ni makadirio ya karani.
Hata hivyo nilijaribu, namba ile mara miaka ile,
na karatasi ikajaa
888 888 888,
hakuna chumba asichokaa.

Sikumwonyesha. Ningeanzia wapi?
Asubuhi nilimpelekea kikombe changu cha asali,
siku ile ndugu walikuwa wamekuja.
Akapanga vikombe vya chai kwenye sinia, akihesabu kwa sauti:
tano, sita, saba,
akakohoa,
tisa.

Nilivihesabu nyuma yake.
Vilikuwa tisa.