Zipu ya Dubu

Mimi ndiye niliyemshona dubu.
Makoti matatu ya marehemu shangazi Pavla,
zulia moja la bafuni,
na mgongoni, tangu kisogoni hadi kiunoni,
zipu ya mfuko wa kulalia,
maana Jernej alisema atakayevaa
lazima aweze kwenda chooni.

Euro elfu mbili na mia tatu, filamu nzima.
Damu ilikuwa bitiruti.
Kinu cha maji tulipewa bure
kwa sharti kwamba tukifagie.

Jumamosi tukaionyesha kwenye ukumbi wa zimamoto,
gari la maji limesogezwa nje, linakula theluji,
na pazia letu ni shuka mbili nilizoziunga kwa mkono:
kila kamera ilipomsogelea msichana
mshono wangu ulimpita usoni kama kovu.

Hadithi yenyewe fupi.
Msagaji ameishiwa nafaka. Dubu anapiga hodi.
Anamtaka binti mdogo, atalipa kwa unga.
Baba anahesabu magunia.
Anayahesabu tena.
Yaliyobaki ni giza, kwani taa zilikuwa mbili
na moja iliungua siku ya tatu.

Taa za ukumbi zilipowaka nikajibanza penye makoti ya watu
nisikie.

Rok, miaka kumi na mitano, mdomo umejaa bisi:
“Paka wetu anatisha zaidi, tena akiwa amelala.”
Daktari Zdenka, wa meno:
“Yale ni magego ya ng'ombe. Naweza kuapa.”
Mzee Alojz, ambaye dubu wawili wa kweli
wamewahi kumvunjia mizinga ya nyuki,
hakukasirika, alisikitika tu:
“Dubu hapigi hodi, jamani. Hapigi.”
Mwalimu Hočevar akalisifu giza.
Akasema ni giza linalofikiri,
na Jernej akatikisa kichwa polepole
kama mtu ambaye hajawahi kununua balbu.
Mtu mwingine, sikumwona, alisema sauti ya upepo
ni ya mashine ya kukaushia nywele.
Kweli. Ni yangu.

Lakini zipu ndiyo iliyowavunja mbavu.
Ilionekana mara nne.
Mara ya nne dubu anainama kumbeba binti
na kile chuma kinameta mgongo mzima,
ukumbi ukalipuka,
nami nikakumbuka nguo ya kuazima na inachoshindwa kusitiri,
nikatamani sakafu inimeze na viatu vyangu.

Walikuwa bado wanaicheka mlangoni
Majda wa duka la mikate alipoacha kutafuta glavu yake ya pili.
“Mimi hapo kwenye zipu ndipo nilipoogopa,” alisema.
“Kumbe inafunguka.
Kumbe aliyemo ndani angeweza kuvua
usiku wowote,
akaketi mezani, akaomba chumvi kama watu.
Na hakuvua.”

Hakuna aliyejibu.
Mji wetu una watu mia sita
na nyumba ya Majda ina dirisha moja linalotazama barabara.
Sote tumewahi kupita chini yake
tukiongeza mwendo.

Alojz alimwokotea ile glavu.
Rok aliacha kutafuna.

Baadaye, tukikunja viti, mwalimu akauliza
kama zipu ile iliachwa makusudi.
“Bila shaka,” akasema Jernej, bila kunitazama.

Haikuwa makusudi.
Nilikuwa nimekata ukanda wa manyoya wa kuifunika,
mrefu wa kutosha, rangi ileile.
Ijumaa usiku uzi uliniishia
na duka lilikuwa limefungwa.
Ukanda ukabaki mfukoni mwa aproni yangu.

Dubu sasa ananing'inia nyuma ya mlango wa stoo,
tumbo limelegea.
Jernej amepiga simu: kuna mji mwingine unaitaka filamu,
je, niirekebishe ile zipu?
Nimemwambia uzi bado haujaletwa.

Ule ukanda nimezibia dirisha la jikoni.
Unazuia upepo vizuri.